Wageni wana ramani ya treni, sisi wa njanji tuna nini?

Duniani kuna watu wanaosafiri kwa sababu ya treni yenyewe. Hawaendi kwenye matanga, hawaendi kuuza mahindi, hawamfuati mgonjwa. Wanalipa pesa, tena nyingi, ili wakae karibu na dirisha watazame pori, daraja na mto, na usiku walale humo humo ndani ya vago. Wengine wanatafuta mashini za zamani zilizokuwa zinakula makaa ya mawe. Wakisikia kuna moja imesimama mahali fulani, hata kama haijatembea miaka 40, watapanda ndege kwenda kuigusa. Wana vitabu vya kuwaongoza, wana ramani, wana orodha ya majumba ya makumbusho ya reli toka York kule Uingereza mpaka Bulawayo.

Najua mtu wa Sakania akisikia hayo atacheka. Sisi treni ikipita tunahesabu vago na kuangalia imebeba nini. Lakini tusicheke haraka, kwa sababu watu hao wanapita hapa hapa kwetu, na ramani wanayoshika mkononi haikuandikwa na mtu wa hapa.

Mwezi wa 7 mwaka 2019, kampuni ya Afrika Kusini inayoitwa Rovos Rail, ile iliyoanzishwa na Rohan Vos mwaka 1989, iliondoa treni yake ya kifahari Dar es Salaam na kuifikisha Lobito, Angola. Safari ya siku 15, toka bahari moja hadi bahari nyingine. Treni ilifuata njia ya TAZARA, ikaingia Zambia, ikavuka kuja Kongo, ikapita Lubumbashi na Kolwezi mpaka Dilolo. Njanji ya Zambia inaungana na ya kwetu hapa Sakania. Kwa hiyo mlango wa safari ile kuingia Kongo ni sisi. Lakini kwa msafiri wa namna hiyo, mpaka ni mahali pa kugonga muhuri kwenye pasipoti. Anafunga pazia, anangoja, anaendelea. Hakuna karatasi inayomwambia amefika wapi.

Na amefika mahali gani? Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Reli ilifika mpaka wa Kongo, hapa Sakania, mwezi wa 12 mwaka 1909. Ilitoka mbali: ilivuka Zambezi kwa daraja la Victoria Falls lililofunguliwa 1905, ikafika Broken Hill, ambayo leo tunaiita Kabwe, mwaka 1906, ikapita Ndola, ikaja kwetu. Mwaka 1910 ikafika Elisabethville, kilomita 255 toka hapa. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba. Angalia hiyo miaka ilivyofuatana. Tanuru haliwaki bila moto, na makaa ya mawe yalitoka Wankie, Rhodesia ya Kusini, yakipita hapa. Shaba nayo ilipita hapa kwenda nje, mpaka bandari ya Beira katika Msumbiji. Mashini, misumari, unga, barua, wafanyakazi, vyote vilipita hapa. Watoto wetu wanafundishwa kwamba Lubumbashi ilizaliwa na shaba. Ni kweli, lakini shaba ilikuwa ardhini kabla ya mzungu kufika, na wazee wetu walikuwa wanaiyeyusha. Kilichoongezeka ni njanji, nayo iliingilia Sakania.

Hata baadaye mlango huu haukufungwa. Mwaka 1931 njia ya Benguela ilikamilika kwenda Lobito, ikawa fupi zaidi kufika baharini. Vita vya Angola vikaikata toka 1975, na mzigo mwingi wa Katanga ukarudi kupitia kusini, yaani kwetu. Leo kila mtu anazungumza tena juu ya Lobito. Angola imeikabidhi reli hiyo kwa kampuni za kigeni kwa miaka 30 toka 2022, na rais wa Marekani Joe Biden alifika Lobito mwenyewe mwezi wa 12 mwaka 2024. Hapo pana ramani nyingi, nzuri, za rangi. Zinaonyesha madini yanavyotoka. Nimezitazama, na mtu simwoni humo.

Ninachosema katika makala hii ni kitu kidogo: tuandike wenyewe karatasi ya kuongoza mgeni wa njanji, inayoanzia Sakania. Karatasi moja, yenye ramani upande huu na maelezo upande ule. Kwa Kiswahili kwanza, Kifaransa kifuate. Tusingoje jumba la makumbusho.

Nasema tusingoje jumba kwa sababu najua tunavyopenda kungoja. Mtu akisema makumbusho ya reli, tunaanza kufikiria jengo, jiwe la msingi, utepe, hotuba, na kisha miaka 10 ya majani kuota kwenye jiwe la msingi. Majirani zetu wanayo majumba hayo na ni vizuri tuyajue. Livingstone, Zambia, wameweka mashini zao pale palipokuwa na karakana ya Zambezi Saw Mills, kampuni ya mbao iliyokuwa na reli yake kwenda Mulobezi. Bulawayo wana vago aliyokuwa akisafiria Cecil Rhodes. Mtu wa Sakania akipata nafasi ya kufika Livingstone, namwambia aende, kwa sababu njanji ile ndiyo hii hii yetu, ni upande wake wa pili.

Nairobi pia wana jumba lao, lilifunguliwa 1971. Humo mna vago moja ambayo vitabu vya wageni havichoki kuisimulia. Usiku mmoja wa mwaka 1900, pale Kima, simba aliingia ndani ya vago hiyo akamkamata ofisa wa polisi wa reli, Mwingereza Charles Ryall, akatoka naye dirishani. Ni hadithi ya kweli na inatisha. Lakini ujenzi wa reli hiyo, toka Mombasa mpaka Ziwa Victoria, uliua vibarua karibu 2,500 waliotolewa India, wengi kwa magonjwa na ajali. Mgeni anaondoka Nairobi akiwa na jina la mtu mmoja aliyeliwa na simba. Simlaumu mwenye jumba. Nasema kitabu cha kuongoza wageni kinachagua cha kusema, na anayekiandika ndiye anayechagua.

Kwetu pia kiliandikwa. Enzi ya Wabelgiji, Ofisi ya Utalii ya Congo belge ilikuwa inatoa Bruxelles kitabu kinene, Guide du voyageur au Congo belge et au Ruanda-Urundi. Kilitoka mara kadhaa katika miaka ya 1950. Njia za reli zimo, miji imo, hoteli zimo. Kiliandikiwa nani, kila mtu anajua: mzungu anayetoka Ulaya. Babu yetu aliyekuwa akitia makaa ya mawe kwenye mashini hakuwa msafiri wa kitabu kile. Alikuwa mfanyakazi tu.

Msiniambie kwamba sisi hatuwezi kuandika. Mwaka 1965, hapo Lubumbashi, André Yav alitunga kwa Kiswahili historia ya mji, kwa niaba ya watu waliokuwa maboyi katika nyumba za wazungu. Jina lake Vocabulaire de ville de Elisabethville. Hakukuwa na kompyuta wala msaada wa mradi wowote. Watu waliofua nguo na kupika supu walikaa, wakakumbuka, wakaandika mji wao kwa lugha yao, na leo maprofesa wa Ulaya wanakisoma hicho kitabu. Kisha toka mwaka 2000, wasomi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kati yao Donatien Dibwe dia Mwembu, waliomba wenyeji walete vitu vya nyumbani kwao na habari zake, vikaonyeshwa kwenye makumbusho ya mji. Watu walileta. Kwa hiyo njia ipo. Kinachokosekana ni njanji yenyewe, gare kwa gare.

Sasa nifike kwenye jambo gumu, ambalo bila hilo karatasi yetu itakuwa ya uongo.

Mwaka 1928 njanji ya BCK ilifika Port-Francqui, Ilebo ya leo, ikipita katikati ya Kasai. Njia hiyo ilileta huku watu wa Kasai wengi, kwa kazi ya mgodi, ya reli na ya ofisi. Walizaa hapa. Watoto wao walizaa hapa. Katika Likasi na Kolwezi kulikuwa na wazee ambao Kasai waliijua kwa jina tu. Mwaka 1992 wakaanza kufukuzwa, kwanza Likasi, na mwaka 1993 Kolwezi. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, wengine walitoka na nguo za mwilini. Walikimbilia wapi? Gare. Makumi ya maelfu ya watu walilala gare na kandokando yake wakingoja treni ya kuwapeleka Mwene-Ditu na Kananga, mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kufika. Hawakungoja siku moja. Walingoja wiki, wengine miezi. Surua na kuhara viliua watoto pale pale. Treni ilipokuja ilijaa mpaka juu ya mabati. Wapo waliokufa njiani, wakazikwa kando ya njanji, na hakuna ramani inayoonyesha wapi.

Jina la matusi walilokuwa wakiitwa wakati ule sitalirudia hapa. Wanaolijua wanalijua.

Njanji iliyowaleta ndiyo iliyowaondoa. Na miaka ya karibuni njanji hiyo hiyo imeleta tena familia toka Kasai kuja Katanga kutafuta maisha, na maneno makali yamesikika tena mitaani. Kijana wa miaka 20 anayesema maneno hayo hakuwa amezaliwa 1993. Hakuna mahali popote kwenye gare ya Likasi ambapo anaweza kusimama akasoma kilichotokea kwenye sakafu anayoikanyaga. Mgeni wa treni ya kifahari naye anapita hapo na chai yake. Wote wawili hawajui, na sioni kwa nini wa pili aandikiwe kitabu kabla ya wa kwanza.

Kuna watakaosema: mwandishi, unafungua kidonda. Nawaheshimu, wengine ni watu walioona kwa macho. Lakini kidonda cha namna hii hakijapona kwa kunyamaza, kimefunikwa tu. Ninachopendekeza ni mistari miwili. Kando ya jina la Likasi iandikwe: kwenye gare hii, mwaka 1992 na 1993, familia za watu wa Kasai waliofukuzwa zililala zikingoja treni, na wengi walikufa. Kando ya Kolwezi iandikwe vivyo hivyo. Hakuna kabila la aliyefukuza, hakuna jina la mwanasiasa. Majina ya wanasiasa yana vitabu vyake, na yangepaswa kuwa na mahakama yake. Karatasi ya njia inasema mahali na mwaka, inatosha.

Naongea pia na nyinyi familia mliokimbia Mitwaba na Pweto, nyinyi wa ile sehemu iliyoitwa pembetatu ya kifo, na nyinyi mliovuka kwenda Zambia mwaka 2017 mkapokelewa Kenani, upande wa Nchelenge. Mtaniuliza: njanji inatuhusu nini, sisi tulikuja kwa miguu? Ndiyo, mlikuja kwa miguu, kwa sababu Mitwaba haina njanji na Pweto haina. Ramani ya njanji ikichorwa vizuri inaonyesha na pale ambapo treni haifiki. Ukiitazama Katanga yote unaona mstari mweusi unafuata madini: Lubumbashi, Likasi, Tenke, Kolwezi. Pasipo na mgodi, pori jeupe. Anayekimbia katika pori hilo jeupe anabeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Hiyo ni habari ya reli pia, na mgeni anayependa reli aijue. Mtoto wenu aliyezaliwa hapa, akiwekewa karatasi hiyo mbele yake, ataweka kidole Pweto na kidole kingine hapa, atajua mama yake alitembea kiasi gani.

Lakini karatasi ya maombolezo matupu hakuna atakayeinunua, na haitakuwa ya kweli pia. Njanji yetu ni nzuri. Tusione haya kusema hivyo. Toka Sakania njia inafuata mpaka kwa muda mrefu, na vichuguu vya Haut-Katanga vinasimama kando yake kama nyumba, vingine vinapita mita 5. Mwezi wa 9, kabla mvua haijaanguka, miombo inatoa majani mapya mekundu, na mtu asiyejua atafikiri pori linakauka kumbe linaamka. Tenke iko juu, kwenye baridi, na toka Tenke njanji inateremka mpaka Bukama, penye mto Lualaba, ambako ilifika 1918. Hapo zamani msafiri alikuwa anashuka, anaingia kwenye meli, anafuata mto. Kule Kabalo kuna njanji nyingine iliyofika Kalemie mwaka 1915, penye Ziwa Tanganyika. Njanji hizo mbili zilikuwa mbalimbali mpaka 1956, ilipojengwa sehemu ya kuunga Kamina na Kabalo. Na ng'ambo ya ziwa iko Kigoma, mwisho wa reli inayotoka Dar es Salaam, na meli Liemba iliyotoka Ujerumani vipande vipande, ikazamishwa kwenye vita 1916, ikatolewa majini, ikarudi kazini 1927. Mtu anayependa kusafiri akiona yote hayo kwenye karatasi moja hatalala.

Wapenda mitambo nao wana chao. Sehemu ya Likasi mpaka Tenke ilitiwa umeme mwaka 1952. Mashini ya umeme Katanga, wakati nchi nyingi za Ulaya zilikuwa bado na moshi. Mafundi wake wazee bado wapo, wengine wanakaa Makomeno pale Lubumbashi. Hao ndio jumba la makumbusho, na hawatafungwa mlango wala kulindwa na askari. Wanaondoka mmoja mmoja. Kila msiba wa mfanyakazi wa reli tunazika na kitabu.

Na vyuma vinaondoka pia. Mnajua biashara ya mitraye. Kipande cha chuma kina bei kwa kilo, na kilo haiulizi historia. Mizani ya zamani, kengele ya gare, kibao cha jina, sahani ya shaba iliyokuwa kwenye mashini ikionyesha kiwanda na mwaka: vitu vya namna hiyo vikipotea, hata siku serikali ikijenga jumba kubwa, litawekwa nini ndani? Mimi simtupii jiwe kijana anayeokota chuma ili ale. Nasema tu kwamba mtu anayejua kile kibao ni nini atafikiri mara mbili, na sasa hivi hakuna aliyemwambia.

Mama mmoja ataniuliza: bukari iko wapi ndani ya ramani? Swali zuri, na sitamdanganya. Treni ya wageni haiji kila wiki. Siku hizi njanji ya Sakania inajulikana kwa mizigo, na barabara yetu kwa msururu wa makamyo. Karatasi haitajaza sufuria ya mji. Lakini mgeni mmoja mmoja anakuja: mtafiti, mpiga picha, Mzambia wa Ndola anayetaka kuona upande huu, mtoto wa Mbelgiji anayetafuta gare aliyofanya kazi babu yake. Leo mgeni huyo anafika hapa, hajui amwulize nani, anauliza mtu wa kwanza, na pesa yake inaishia kwenye mifuko ya wanaojua kumchelewesha. Akiwa na karatasi iliyoandikwa na sisi, atamtafuta kijana wa pikipiki anayejua njia, mama anayepika, mzee anayesimulia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema hivyo kila siku. Mwenyeji anapona kama ana cha kumwonyesha.

Karatasi hiyo imwambie mgeni ukweli wa kazi pia. Kwamba hapa kwetu kupiga picha gare, daraja au mpaka bila ruhusa kunaleta matatizo, basi aombe ruhusa kwanza, kwa maandishi, na aibebe. Kwamba ratiba ya ukutani na treni yenyewe havijuani sana, basi asipange ndege ya kesho yake. Kwamba ramani za zamani zina majina yaliyokufa: Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie. Kwamba BCK, KDL, SNCZ na SNCC si reli nne, ni njanji hii hii ikibadilishiwa shati kila utawala ulipobadilika. Kwamba mwezi wa 6 na wa 7 usiku una baridi kali, alete koti.

Kuchora ramani si kazi ya ajabu tena. Iko ramani ya bure ya dunia nzima, OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote mwenye simu na intaneti anaweza kuongeza jina la mahali. Vijana wetu wanaomaliza usiku kwenye simu wanaweza kuweka vituo vyetu vyote katika mwezi mmoja, majina yakiwa sahihi, kama wakipata wa kuwaambia majina. Hapo tu ndipo pagumu. Gare kubwa zinajulikana. Vituo vidogo, pale treni ilipokuwa ikisimama kunywa maji au kupishana na nyingine, vina majina ambayo yako vichwani mwa watu wenye miaka 70 na zaidi. Mengine ni ya Kilamba, mengine ya Kibemba, mengine ni jina la chifu, mengine ni jina la mzungu aliyetamkwa vibaya mpaka likawa letu.

Basi tuanze na kipande kifupi, Sakania mpaka Mokambo. Aliye na babu, bibi, mjomba au jirani aliyefanya kazi ya njanji, au aliyeuza kitu kando ya njanji, amwulize mambo matatu wiki hii: vituo vilivyokuwepo kwa mfuatano wake, kila kimoja kiliitwa nani na kwa nini, na pale palikuwa na nini, pampu, nyumba ya mlinzi, soko, kaburi. Mwandike kwa kalamu, hata nyuma ya daftari la shule. Familia zilizokuja toka mbali, waulizeni wazee wenu pia walipandia wapi na walishukia wapi, kama walipanda. Jina likiwa na namna mbili za kutamkwa, leteni zote mbili, msichague.